Malaria Hubadilika: Utafiti wa Misungwi Ulivyoibua Chandarua Kipya

Jijini Mwanza, ambako Mto Mirongo hupita katikati ya makazi kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria, malaria ni ugonjwa unaofahamika na kila kaya. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba vimelea vinavyousababisha, pamoja na mbu anayevieneza, hubadilika kizazi hadi kizazi.

Vimelea vinapozaliana, hutokea tofauti ndogondogo katika vinasaba vyao. Dawa inapotumika, vilivyo dhaifu hufa. Vichache vyenye tofauti inayovikinga husalia na kuirithisha kwa vizazi vinavyofuata. Hali hiyo ndiyo huitwa usugu.

Tanzania imekwisha kuupitia. Mwaka 2001 klorokwini, iliyotegemewa kwa miaka mingi, iliondolewa katika tiba ya malaria na nafasi yake kuchukuliwa na SP. Mwaka 2006 SP nayo iliipisha dawa mseto ya ALu, inayounganisha dawa mbili zenye utendaji tofauti, ili kimelea kinachohimili moja kiangamizwe na nyingine.

Mbu nao wamejenga usugu dhidi ya pairethroidi, kiuatilifu kinachotumika katika vyandarua vya kawaida. Kutokana na hali hiyo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Kituo cha Mwanza, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya ndani na nje ya nchi, ilishiriki kulinganisha aina nne za vyandarua wilayani Misungwi. Maeneo 84 yenye kaya zaidi ya 39,000 yaligawanywa kwa bahati nasibu, ili matokeo yasipendelee aina yoyote.

Baada ya miaka miwili, asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa katika maeneo ya vyandarua vya kawaida walikutwa na vimelea. Katika maeneo ya vyandarua vilivyoongezewa klorfenapiri, walikuwa asilimia 25.6. Pairethroidi hushambulia mishipa ya fahamu ya mbu, ilhali klorfenapiri huvuruga uzalishaji wa nguvu mwilini mwake. Hivyo mbu sugu kwa ya kwanza huuawa na ya pili. Mwezi Machi 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza matumizi ya vyandarua hivyo.

Hata hivyo, kazi haijakwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulithibitisha kuwapo mkoani Kagera kwa vimelea vinavyochelewa kutoweka katika damu baada ya tiba yenye dawa ya jamii ya artemisinini, jamii ambayo mojawapo ya dawa mbili zinazounda ALu imo. ALu bado inatibu, lakini dalili hiyo ni onyo.

Mwananchi ana nafasi katika kuulinda ufanisi huo: kupima kabla ya kumeza dawa, kukamilisha dozi ya siku 3 hata homa ikishuka mapema, na kulala ndani ya chandarua kila usiku. Dozi iliyokatishwa huacha hai vimelea ambavyo vingekufa, na gharama yake huweza kulipwa na mgonjwa mwingine.