Usikubali Tu Jina la Kichina: Historia ya Twiga wa Malindi Mpaka Neema wa Engutoto

Tuseme kuna dada anaitwa Neema, mtoto wa Engutoto, Arusha. Kaanza kujifunza Kichina kwa sababu mchongo anauona. Watalii Wachina wanakwenda Ngorongoro na Serengeti, na uwanja wa AFCON 2027 kule Olmoti kapewa mkandarasi wa Kichina. Siku ya siku anakutana na wageni, anatabasamu, anajitambulisha: "Neema." Wageni wanatazamana. Mmoja anabana kicheko.

Kumbe kwenye sikio la Mchina, Neema inakaribia sana "ni ma", yaani "mama yako". Na kule ni kama huku tu: ukimtamkia mtu "mama'ako" kwa sauti fulani, umetafuta ugomvi. Mitandaoni kwao hilo ni tusi kabisa.

Ndiyo maana wengi wanaojifunza Kichina huchukua jina jipya. Ishu ni moja: nani analichagua? Hapo historia ina mengi ya kusema.

Anza na twiga. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China, Yongle, zawadi ya twiga. Wachina wakamwita "qilin", mnyama wa baraka kwenye hadithi zao. Twiga hakuulizwa. Alipewa jina la kile ambacho wenyeji walitaka kukiona.

Hata yule mkuu wa misafara ya meli za China iliyofika pwani yetu, Zheng He, hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alizaliwa kwenye familia ya Kiislamu, ukoo wa Ma, ukoo wa Waislamu wengi wa China kwa sababu unasikika kama mwanzo wa Muhammad. Akatekwa akiwa mtoto, akaingizwa kwenye utumishi, na baadaye Yongle akampa ukoo wa Zheng kama heshima. Heshima ndiyo, ila jina la baba likafunikwa.

Watu wa Mlima Meru hili wanalijua vizuri. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig waliuawa Akeri. Misheni ikarudi, na mwaka 1902 ikaanzishwa Nkoaranga. Ubatizo ukaja na majina mapya, na kwa wazee wengi jina la nyumbani likabaki nyumbani. Shuleni na ofisini wakaandikwa lile la ubatizo.

Sasa mcheki Matteo Ricci, padri Mtaliano aliyefika China mwaka 1582. Yeye alijulikana kama Li Madou. "Li" imetoka kwenye Ricci, "Madou" kwenye Matteo. Ukoo umetangulia kama desturi yao inavyotaka, jina ni fupi, lakini mwenyewe bado yumo ndani. Linganisha na Mwalimu Nyerere: magazeti ya China yanamwandika Nileier. Hiyo ni sauti tu imefuatwa, na Mchina akisoma anajua papo hapo huyu ni mgeni. Kwa rais haina shida. Kwa mtu anayetaka kufanya kazi na kupiga stori na Wachina kila siku, jina la namna ya Ricci linakaa vizuri zaidi.

Basi Neema afanyeje? Upo ukoo wa Kichina unaitwa Ni. Unaandikwa kwa herufi nyingine, na sauti yake inapanda, siyo ile ya "ni" ya kwenye tusi. Mbele yake anaweka Enhui, neno lenye maana ya fadhila, neema. Anakuwa Ni Enhui. Tusi limekufa, sauti ya mwanzo imebaki, na maana ni ileile aliyopewa na mama yake. Juma naye akiupenda ukoo wa Ma, upo, ila awe makini na sauti: "ma" moja ni mama, nyingine farasi, nyingine kutukana.

Mwalimu akikupa jina siku ya kwanza, pokea kwa adabu, kisha uliza mambo matatu: herufi zake zina maana gani, likitamkwa haraka linafanana na nini, na wewe uko wapi ndani yake. Ukikosa jibu la hilo la tatu, omba lingine. Twiga hakuwa na mdomo wa kuuliza. Wewe unao.

Je, jina lako lina maana gani, na ungependa kipi kibaki likigeuzwa Kichina? Tiririka hapo chini.