Upimaji wa ardhioevu na maji ya juu ya ardhi, Ndera

Ndera ni sehemu ya bonde la Mto Tana, kaskazini ya Garsen, Kaunti ya Tana River, Kenya. Wapokomo hulima ukingoni. Waorma na Wardei hushusha mifugo mtoni wakati wa kiangazi, kwa njia ziitwazo malka. Mvua ni haba. Maji yanayojaza mabonde na vidimbwi vya mikondo ya zamani hutoka Mlima Kenya na Aberdare, hivyo kupima ardhioevu hapa ni kupima mafuriko.

Kina cha mto husomwa kwenye mbao zenye alama zilizosimikwa ukingoni, kisha hugeuzwa kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Lakini sakafu ya Tana ni mchanga na tope; huchimbika na kujaa, na hesabu ya zamani huacha kufaa. Tena, mto ukivuka kingo, maji mengi hupita mbugani pasipo kufika kwenye kipimo cha Garsen. Kipimo cha ubaoni huongezeka kidogo tu ilhali tambarare nzima imefunikwa. Kwa mafuriko makubwa, kipimo cha Garissa, kabla mto haujatawanyika, ndicho cha kutegemewa zaidi.

Picha za setilaiti huziba pengo hilo kwa sehemu. Ramani ya dunia ya maji ya juu ya ardhi iliyotolewa mwaka 2016 na Tume ya Ulaya ilitokana na picha za Landsat za 1984 hadi 2015, kila kipande kikiwa mraba wa mita 30. Kidimbwi chembamba humezwa na kipande hicho. Maji yaliyo chini ya miti au nyasi ndefu hayaonekani, na wakati wa mafuriko mawingu huziba. Rada ya Sentinel-1, iliyorushwa mwaka 2014, hupenya mawingu na kuonyesha maji matulivu kuwa meusi, ila mimea iliyosimama majini huweza kung'aa kama nchi kavu yenye vichaka. Hapo lazima mtu aende akaangalie, na mchungaji anayejua bonde lipi hukauka mwisho ni shahidi asiyepaswa kuachwa nje.

Mabwawa matano ya sehemu ya juu ya mto, kuanzia Kindaruma (1968) hadi Kiambere (1988), hasa Masinga lililokamilika mwaka 1981, yamepunguza mafuriko ya kawaida ya masika na vuli. Kwa kuwa maji hubadilika kwa msimu, na mafuriko si yale ya kabla ya mabwawa, ramani ya Ndera isiyotaja mwezi na mwaka wa picha haifai kulinganishwa na nyingine.