Jembe Likilala, Shaba Huamka

Mgeni akifika Kakanda siku ya mapumziko huona ajabu. Mtu aliyeshika shaba juma zima ameketi uani kwake, naye ameshika shaba tena. Sisi hatushangai. Tazameni mambo ya kale.

Wazee wa nchi hii walikuwa wakulima. Mtama ukiisha kuvunwa, mwezi wa Mei, jembe lilipumzika, lakini mtu hakupumzika. Walihamia machimboni, wakapiga kambi. Wanawake na watoto waliokota na kuchekecha mawe ya kijani. Wanaume walichoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavuta mivukuto mpaka mikono ikafa ganzi. Mvua zilipokaribia walirudi mashambani. Basi, shaba ilikuwa kazi ya wakati usio wa kazi, na jasho lake lilishinda la jembe! Misalaba ya shaba ya nchi hii ilifika mbali: katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa tangu 1957, ilikutwa pamoja na wafu. Askofu de Hemptinne, aliyeandika habari za wafuaji hao mwaka 1926, aliwaita wala shaba.

Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kutoa shaba. Mtoto wa mfuaji akawa mtu wa king'ora, Mei na Desemba kwake ni mamoja. Mambo yakageuka: shaba ikawa kazi, na jembe, katika kishamba nyuma ya kambi, likawa mapumziko.

Gécamines ilishika machimbo tangu 1967. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na katika miaka ile shaba ilipungua sana, mishahara ikachelewa. Wengi wakachukua sululu wakachimba kwa nguvu zao wenyewe. Sheria ya madini ya 2002 ikawatambua wachimbaji wa namna hiyo. Hayo tusiyaite mapumziko. Ni njaa.

Lakini jirani yetu, mzee mwenye pensheni, hana njaa ya namna hiyo. Kila jioni hugonga bamba la shaba kwa nyundo ndogo, achore tanuru na watu wanaovuta mivukuto. Tulimwuliza, baba, hujachoka na shaba? Akasema kule hakuwahi kuona kazi yake imekwisha. Treni iliichukua kabla haijapoa. Kisha akatuomba tumshikie bamba, maana mke wake amechoka na kelele.