Moja hadi Kumi: Kiswahili na Nafsi ya Mtoto Mweusi katika Vitabu vya Picha vya Marekani, 1971–1974

Historia ya vitabu vya picha vinavyomfunza mtoto kujiamini husimuliwa, kwa kawaida, kupitia mhusika mmoja: mtoto mwenye haya au mwenye kuchekwa, ambaye mwishoni hujikubali alivyo. Makala hii inadai kuwa vitabu viwili vya Muriel Feelings vilivyochorwa na Tom Feelings, *Moja Means One* (1971) na *Jambo Means Hello* (1974), vilifanya kazi hiyohiyo bila kuwa na mhusika wa namna hiyo. Nafasi ya shujaa ilichukuliwa na lugha, na lugha yenyewe ni Kiswahili. Ni rahisi kwa mwanaisimu kuvitazama vitabu hivi kama orodha za msamiati na kuviweka kando. Akifanya hivyo, anapoteza ushahidi adimu wa kazi ambayo Kiswahili kiliwahi kufanya nje ya jamii ya wazungumzaji wake.

Vitabu hivi vilizaliwa katika pengo lililokwisha kupimwa. Majaribio ya Kenneth na Mamie Clark, ambamo watoto weusi waliulizwa ni mwanasesere yupi mzuri, mweupe au mweusi, yalitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi shuleni. Mwaka 1965 Nancy Larrick alichapisha uchunguzi wake wa vitabu zaidi ya 5,000 vya watoto vilivyotolewa kati ya 1962 na 1964. Ni asilimia 6.7 tu vilivyokuwa na mtu mweusi, hata mmoja, katika maneno au picha. *The Snowy Day* cha Ezra Jack Keats (1962) kilikuwa kimemweka mtoto mweusi katikati ya kitabu cha picha, lakini mtoto huyo anacheza kwenye theluji na weusi wake hausemwi popote. Kuonekana kulikuwa hatua moja. Kupewa jina la kujivunia kulikuwa hatua nyingine.

Muriel Feelings alikuwa amefundisha sanaa Kampala katika miaka ya 1960, na Tom alikuwa amefanya kazi Ghana wakati wa Nkrumah. Hawakuwa wa kwanza kukigeukia Kiswahili. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, yenye nguzo saba zilizopewa majina ya Kiswahili, na nguzo ya pili ni *kujichagulia*. Wapinzani wamesema mara nyingi kwamba mababu wa Wamarekani weusi walitoka zaidi Afrika ya Magharibi na ya Kati, si pwani yetu. Hoja hiyo ni sahihi kihistoria, lakini haigusi kiini cha uchaguzi wenyewe. Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja, na kwa sababu mataifa mapya yalikuwa yakikitumia kujitawala.

Sasa tukitazame Kiswahili hicho kwa karibu. *Moja Means One* kinahesabu kutoka moja hadi kumi, kila tarakimu ikiwa na picha yake kubwa ya maisha ya Afrika Mashariki na maelekezo ya matamshi kwa msomaji wa Kiingereza. Nambari zinasimama peke yake. Mtoto hajui kwamba *mbili* hugeuka akihesabu watoto, wakawa *wawili*, wala kwamba moja hadi tano pamoja na nane huchukua upatanisho wa ngeli ilhali sita, saba, tisa na kumi hukataa. Sarufi yote ya ngeli imeachwa nje ya mlango.

*Jambo Means Hello* kinazua jambo gumu zaidi, na naomba radhi kwa mchezo wa neno. Alfabeti yake ina herufi 24, bila Q wala X, na hapo kitabu kiko sahihi. Lakini salamu inayokipa jina ni nusu ya salamu. Katika *hujambo*, kiambishi *hu-* kinabeba ukanushi na nafsi ya pili kwa pamoja: huna jambo. Anayejibu *sijambo* anaweka nafsi yake mwenyewe. Ukiondoa viambishi hivyo, linabaki neno lisilo na mtu ndani yake. Kitabu kilichokusudiwa kumrudishia mtoto nafsi yake kimempa salamu iliyopoteza alama ya nafsi.

Hata hivyo, sikubaliani na hukumu ya kwamba hicho ni Kiswahili cha watalii. Mtalii hujifunza neno ili apate huduma, kisha hulisahau uwanja wa ndege. Mtoto wa Brooklyn alifunuliwa neno *uzuri* kando ya picha ya watu waliofanana naye, na fasili ya neno hilo ikawa ni sura yake. Kwa kazi hiyo nomino tupu ilitosha. *Moja Means One* kilimfanya Tom Feelings kuwa msanii mweusi wa kwanza wa Marekani kupata heshima ya tuzo ya Caldecott, mwaka 1972, na *Jambo Means Hello* kikapata heshima hiyo mwaka 1975.

Kinachosumbua ni upande wa pili wa bahari. Miaka hiyohiyo Tanzania ilikuwa ikitekeleza Elimu ya Kujitegemea, sera ya mwaka 1967. Kiambishi *-ji-* kimo katika *kujitegemea* kama kimo katika *kujichagulia* na *kujiamini*, lakini nafsi iliyokusudiwa na sera ile ilikuwa ya jamii nzima, na chombo chake kikuu kilikuwa kitabu cha kiada. Mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiswahili hakuwa na kitabu cha picha chenye hadhi ya vile vya Feelings. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 tu. Na *Sulwe* cha Lupita Nyong'o (2019), kisa cha msichana anayeuonea haya weusi wa ngozi yake na ambaye jina lake ni nyota kwa Dholuo, kilitoka kwanza kwa Kiingereza nchini Marekani. Tafsiri za Kiswahili na Dholuo zilikuja baadaye.