Mashine Yao, Chumba Chetu

Kwenye paneli ya mbele ya kompyuta za IBM System/360, zile zilizotangazwa Aprili 7, 1964, palikuwa na mita mbili ndogo zinazofanana na ile inayohesabu kilomita kwenye dashibodi ya gari. Karibu nazo palikuwa na tundu la ufunguo. Mita moja ilihesabu saa ambazo mteja aliitumia mashine, na nyingine ilihesabu saa za fundi wa IBM. Fundi alipokuja kufanya matengenezo alichomeka ufunguo wake na kuuzungusha, mita ya mteja ikasimama, ya kwake ikaanza kwenda. Kwa mashine za kupangisha, kodi ilitozwa kwa kusoma namba hizo.

Mteja alikuwa na mashine ndani ya jengo lake. Umeme alilipia yeye, kiyoyozi alilipia yeye, na mlinzi wa mlangoni alikuwa wake. Mashine yenyewe haikuwa yake, na ule ufunguo haukuwa wake.

Mkataba wa namna hiyo umerudi. Leo kampuni kubwa za teknolojia zinauza huduma ya kanzidata ya wingu inayokaa ndani ya kituo cha data cha mteja mwenyewe. Kabati la seva linaletwa mlangoni na kufungwa kwenye chumba chako, linahifadhi kumbukumbu zako, lakini linabaki mali ya aliyelileta, na mafundi wake ndio wanaolitunza kutoka mbali. Wengi huipokea huduma hii kama jambo lililozuka juzi. Ina historia ya zaidi ya miaka 130, na atakayeijua ataketi na muuzaji mezani akiwa na maswali yanayostahili.

Ugomvi wa sensa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Marekani ya karne ya 19, mali ilikuwa watu na daftari lilikuwa sensa. Kuchambua matokeo ya sensa ya 1880 kwa mkono kulichukua takriban miaka minane, na ya 1890 ilikuwa tayari inabisha hodi.

Herman Hollerith, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika sensa ya 1880, alileta jibu lake: kadi ya karatasi ngumu kwa kila mtu, yenye matundu yaliyoeleza umri, jinsia, kazi na mahali alikozaliwa. Karani aliilaza kadi kwenye mashine na kuvuta mpini. Sindano zilishuka juu ya kadi. Penye tundu, sindano ilipenya na kuzama ndani ya kikombe kidogo cha zebaki, umeme ukapita, na mshale kwenye mojawapo ya saa za kuhesabia ukasogea hatua moja. Kengele ikalia kuthibitisha kwamba kadi imesomwa, na karani akachukua inayofuata. Watu zaidi ya milioni 62 walihesabiwa namna hiyo.

Hollerith hakuziuza mashine zile, alizipangisha. Mpango huo ulimfaa kila mmoja hadi baada ya sensa ya 1900, ofisi ya sensa ilipoanza kulalamika kwamba kodi imepanda mno. Pande mbili zikagombana. Serikali ikafungua karakana yake yenyewe na kuajiri mafundi, akiwemo James Powers, na sensa ya 1910 ikafanywa kwa mashine zilizobuniwa humo.

Kisa hicho kinastahili kukumbukwa kuliko vingine vyote katika historia hii. Ofisi ya sensa iliweza kuondoka kwa sababu kazi ya kuhesabu ilikuwa inaijua. Ilikuwa imepanga mashine, lakini maarifa hayakuwa ya kupanga.

Kampuni ya Hollerith iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 ikaitwa IBM. Desturi ya kupangisha iliendelea, na ikakaza. Mpangaji alitakiwa kununua hata kadi kutoka kwa IBM peke yake, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotamka mwaka 1936 kwamba sharti hilo ni kinyume cha sheria. Mwaka 1956, katika makubaliano na serikali, IBM ililazimika kuwauzia mashine wateja waliotaka kuzimiliki. Mwaka 1969 ikatangaza kwamba programu na huduma zitakuwa na bei zake, badala ya kufungwa kwenye furushi moja na mashine.

Miaka ya kumiliki

Mlango wa umiliki ukawa wazi, na wakati huohuo daftari lenyewe likabadilika. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha wazo la kupanga taarifa katika majedwali ya safu na mistari, ili mtumiaji aseme anachotaka kukijua bila kuelekeza mashine ipite njia gani kukitafuta. Mwaka 1977 Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Oracle, na mwaka 1979 wakaanza kuuza kanzidata iliyojengwa juu ya wazo hilo.

Kwa miaka 30 iliyofuata, benki, mashirika ya simu na wizara kote duniani zilinunua seva, zikanunua leseni za programu, zikaajiri mtaalamu wa kanzidata. Mali ilikuwa yao, na kazi pia ilikuwa yao. Mtaalamu yule alikesha usiku wa Jumamosi akiweka masasisho wateja wakiwa wamelala. Ndiye aliyechukua nakala za akiba, akazijaribu kama zinarejesheka, akabadilisha diski zilizokufa, na simu ya saa tisa usiku ilikuwa yake. Chumba cha seva kilijaa mashine za kampuni tatu au nne, na hitilafu ikitokea kila kampuni ilinyoosha kidole kwa mwenzake.

Septemba 2008 Oracle ilitangaza Exadata, kabati moja lililounganisha programu ya kanzidata na mashine zilizoundwa kwa ajili yake, mwanzoni kwa kushirikiana na HP. Ndani yake, seva za kuhifadhi data zenyewe huchuja taarifa na kupeleka mistari inayohitajika tu, badala ya kusukuma jedwali zima kwenye waya. Mwaka 2010 Oracle ilikamilisha ununuzi wa kampuni ya Sun, ikawa sasa inatengeneza mashine na programu chini ya paa moja. Kabati lilikuwa tayari, ingawa bado lilikuwa la kununua.

Mita yarudi

Wakati huo wingu lilikuwa limeshaanza kutanda. Mwaka 2006 Amazon ilifungua huduma ya kuhifadhi mafaili na ya kukodisha seva kwa saa. Oktoba 2009 ikaleta RDS, kanzidata ambayo masasisho yake, nakala zake za akiba na mashine zake vinatunzwa na Amazon. Mteja akabaki na majedwali yake na bili. Ile mita ya System/360 ilirudi, safari hii bila kuonekana, na mashine haikuwa tena chumbani kwa mteja. Ilikuwa kwenye ghala la mtu mwingine, pengine ng'ambo ya bahari.

Umbali huo ndio uliozaa hatua iliyofuata. Mwaka 2013 Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi na idara ya ujasusi ya Marekani, alifichua jinsi Marekani ilivyochungulia mawasiliano ya dunia. Oktoba 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikabatilisha mpango ulioruhusu data za wakazi wa Ulaya kuvuka kwenda Marekani. Aprili 2018 Benki Kuu ya India iliagiza data za malipo zihifadhiwe ndani ya India, na mwezi uliofuata sheria ya Ulaya ya kulinda data ikaanza kutumika. Kwetu, Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022, zote zikiweka masharti juu ya taarifa za raia zinazotoka nje ya nchi.

Suala hilo tunalijua kwa mfano wa karibu. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, lakini kwa miaka minane seva zake zilikuwa Ulaya. Mama akiwa Kisumu akimtumia mwanawe pesa Nairobi, hesabu ilifanyika Ulaya kisha jibu likarudi. Mwaka 2015 mfumo huo ulihamishiwa Kenya.

Wingu lashuka

Machi 2016 Oracle ilitangaza kwamba itawapelekea wateja wingu hadi kwenye vituo vyao vya data, na mwaka uliofuata Exadata ikaingia katika mpango huo. Mwaka huohuo wa 2017 Microsoft ilianza kuuza Azure Stack kwa lengo linalofanana. Amazon, iliyokuwa imejengwa juu ya imani kwamba kila kitu kitahamia kwake, ilitangaza kabati lake la Outposts Novemba 2018, ikaanza kuliuza Desemba 2019, na mwaka 2020 RDS ikaweza kukaa humo. Julai 2020 Oracle iliongeza kanzidata inayojiendesha ndani ya kabati la mteja, na hata eneo zima la wingu kwa mteja mmoja. Nomura Research Institute ya Japani ilikuwa ya kwanza kulichukua, na Oman nayo ikalichagua kwa ajili ya huduma za serikali.

Hebu tulitazame kabati lenyewe la Exadata la Oracle. Urefu wake ni wa mlango, takriban mita mbili, na likijaa vifaa uzito wake hukaribia tani moja. Kabla halijashushwa kwenye lori, mtu lazima awe amepima lifti, korido na uwezo wa sakafu. Mwenyeji anatoa nafasi, umeme wa njia mbili, ubaridi na mtandao. Miliki ya kabati inabaki kwa Oracle, na mkataba wa vifaa haupungui miaka minne, huku nguvu ya kompyuta ikilipiwa kadiri inavyotumika.

Mpaka wa kazi umechorwa katikati ya mashine. Upande wa chini, yaani seva, diski, swichi za mtandao na programu inayozigawa seva kuwa seva pepe, ni wa Oracle. Upande wa juu, yaani seva pepe zenyewe, kanzidata na data, ni wa mteja. Data husimbwa kabla ya kuandikwa kwenye diski, na funguo za kuisimbua anazo mteja. Ndani ya kabati kuna seva mbili zinazofungua njia salama ya kwenda kwenye wingu la Oracle. Njia hiyo huanzishwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo mteja hahitaji kufungua mlango wa kuingilia kutoka nje. Mteja akitaka anaweza pia kuwasha udhibiti unaomlazimu fundi wa mbali kuomba ruhusa kila anapotaka kuingia. Akiruhusiwa, kila amri anayoandika inarekodiwa, na mwenyeji anaweza kumkatia wakati wowote.

Mpaka huo unajaribiwa siku mawasiliano yanapokatika. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Katika hali kama hiyo, kanzidata iliyo kwenye kabati la ndani huendelea kuwahudumia wateja walioungana nayo ndani ya nchi. Kinachopotea ni usukani: hadi njia ya kwenda kwenye wingu irudi, huwezi kupitia humo kuongeza nguvu ya mashine wala kuunda kanzidata mpya, na jicho la fundi wa mbali halioni. Kwa benki yenye mawakala vijijini, hiyo ni nafuu kubwa kuliko kanzidata iliyoko bara jingine. Hata hivyo haifai kuiita uhuru kamili.

Bwana ni nani?

Ukiyaweka pamoja, ya Hollerith, ya System/360 na ya kabati la leo, utaona kwamba chumba ilimo mashine hakijawahi kuamua nani bwana. Kinachoamua ni ufunguo na maarifa. Upande wa ufunguo, mwenyeji wa leo ana hali bora mno kuliko mpangaji wa 1964, mradi asiridhike na maneno ya muuzaji. Akague mwenyewe funguo za usimbaji zinakaa wapi na nani anazifikia. Ule udhibiti wa ruhusa auwashe, kisha ampe mtu kazi ya kusoma rekodi zake. Na katika mkataba iandikwe wazi kwamba diski iliyoharibika haitoki kwenye jengo lake, na kwamba siku kabati likiondoka, data itatoka kwa njia gani na kwa gharama ya nani.

Upande wa maarifa ndipo ninapoingiwa na hofu. Huduma hii inauzwa kwa ahadi ya kupunguza kazi, na ahadi hiyo ni ya kweli, kwa maana ile mikesha ya Jumamosi inapungua sana. Lakini taasisi nyingi zinaweza kuisoma kama ruhusa ya kumwachia aende yule mtaalamu wa kanzidata. Zisifanye hivyo. Miaka minne huisha haraka, na siku ya kujadili bei mpya inafika. Ofisi ya sensa ya Marekani ilipofikishwa hapo, ilikuwa na watu waliojua kadi inasomwaje, wakaketi kwenye karakana yao wakatengeneza mashine nyingine. Taasisi isiyokuwa na watu wa namna hiyo itasaini bei yoyote itakayowekwa mezani, huku funguo zote zikiwa mfukoni mwake.