Historia ya Peptidi za Shaba: Kutoka Kidondani hadi Usoni

Peptidi ya shaba ni kipande kidogo cha protini kilichoshika chembe ya madini ya shaba. Iliyo maarufu kuliko zote imeundwa kwa asidi amino tatu tu, yaani glisini, histidini na lisini, ambazo kitaalamu huandikwa kwa herufi G, H na K. Ikishika shaba huitwa GHK-Cu. Imo katika damu ya binadamu. Unga wake ni wa buluu iliyokolea, na seramu yenye peptidi hiyo ya kutosha hutambulika kwa rangi hiyo hata ikiwa tone moja kiganjani. Siku hizi huuzwa katika chupa ndogo za kutunza uso, nywele na ngozi ya kichwa, lakini asili yake si maduka ya vipodozi. Iligunduliwa katika utafiti wa ini, ikajaribiwa kwenye vidonda vya wagonjwa wa kisukari, na ilipokwama hospitalini ndipo ikaingia katika urembo. Asiyeijua historia hiyo ataona vigumu kuelewa kwa nini sifa zake zimeupita ushahidi wake kwa mbali.

Shaba yenyewe imetumika kwenye ngozi na macho kwa maelfu ya miaka. Wamisri wa kale walichimba malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, katika rasi ya Sinai. Walilisaga juu ya vibao vya mawe, wakachanganya unga wake na mafuta au maji, kisha wakajipaka kuzunguka macho, wanaume kwa wanawake. Vibao hivyo vimepatikana kwa wingi makaburini. Mafunjo ya Ebers, maandishi ya kitabibu ya Misri yaliyoandikwa yapata mwaka 1550 KK, yanataja dawa kadhaa zenye shaba za kutibu macho na ngozi. Baadaye Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya 1, alieleza jinsi ya kupata kutu ya kijani ya shaba: kipande cha shaba kiliwekwa juu ya siki ndani ya chombo kilichofunikwa vizuri, kikaachwa siku kadhaa, halafu ule utando wa kijani ukakwanguliwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya vidonda.

Mwambao wa Afrika Mashariki nao ulikuwa na dawa ya jamii hiyo. Mrututu, ile chumvi ya buluu ambayo wataalamu wa kemia huiita salfati ya shaba, ulipondwa na kuwekwa kwenye vidonda sugu. Wakulima wa kahawa wanaujua kwa kazi nyingine kabisa, ya kunyunyizia mibuni dhidi ya magonjwa ya ukungu. Kazi hizo mbili zina sababu moja: shaba huua ukungu na bakteria.

Tatizo la mrututu na kutu ya kijani ni kwamba shaba yake haikushikwa imara na kitu chochote. Ikigusa unyevu wa kidonda hutawanyika mara moja, inaua vijidudu, lakini pia inaunguza nyama changa inayoanza kuota. Mtu akimeza mrututu hutapika, na kiasi kikubwa huweza kumuua. Kwa hiyo waganga wa zamani walinufaika na shaba kwa upande mmoja tu, ule wa kuua. Kwamba madini hayohayo hujenga mwili ni jambo lililokuja kujulikana katika karne ya 20, na kondoo walisaidia sana kulifichua.

Katika miaka ya 1930, wafugaji wa Australia Magharibi walikuwa wakipoteza wanakondoo waliozaliwa wakiyumba miguu ya nyuma. Mwaka 1937 mtafiti wa mifugo H. W. Bennetts alionyesha kwamba chanzo kilikuwa upungufu wa shaba katika malisho. Sufu ya kondoo waliokosa shaba nayo ilibadilika. Ilipoteza mawimbi yake ya kawaida, ikanyooka na kung'aa kama nyuzi za chuma, na kondoo weusi wakatoa sufu iliyopauka. Miaka 25 baadaye, mwaka 1962, daktari John Menkes na wenzake huko New York walieleza ugonjwa wa kurithi uliowapata watoto watano wa kiume wa ukoo mmoja. Watoto hao walidumaa akili na kufa wadogo, na nywele zao zilikuwa fupi, nyeupe, zilizojisokota na kukatika ovyo. Kwa miaka 10 hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1972 David Danks, daktari wa watoto mjini Melbourne, alizitazama nywele za wagonjwa wa aina hiyo na kuona zinafanana na sufu ya wale kondoo. Alipopima shaba katika damu ya watoto hao, aliikuta imepungua mno.

Ugunduzi wa Danks ulieleza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, rangi ya nywele na ngozi hutokana na melanini, na kimeng'enya kinachoitengeneza hakifanyi kazi bila shaba. Pili, nyuzi za kolajeni na elastini, zinazoipa ngozi uimara na mnyumbuko, hufungwa pamoja na kimeng'enya kingine ambacho nacho hutegemea shaba. Mwili ukikosa shaba, ngozi hulegea, mishipa ya damu hudhoofika na nywele hukatika. Haifuati, hata hivyo, kwamba mtu mwenye shaba ya kutosha mwilini atapata ngozi bora kwa kujiongezea nyingine. Wauza vipodozi wengi hulirukia hitimisho hilo, na hapo ndipo msomaji anapopaswa kuwa macho.

Mwaka mmoja baada ya kazi ya Danks, na bila uhusiano nayo, peptidi yenyewe iligunduliwa. Loren Pickart alikuwa akifanya utafiti wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Alichunguza fibrinojeni, protini ya kugandisha damu ambayo ini la mzee huitengeneza kwa wingi kuliko la kijana. Alichukua vipande vya ini kutoka kwa wagonjwa wazee, akavikuza katika majimaji ya damu ya vijana, na vikaanza kufanya kazi karibu sawa na ini la kijana. Kulikuwa na kitu ndani ya damu changa. Baada ya kuichuja na kuitenganisha hatua kwa hatua, alibaki na kile kipande cha asidi amino tatu. Mwaka 1973 yeye na M. Michael Thaler walichapisha matokeo hayo katika jarida la Nature New Biology. Makala hiyo ilisema peptidi hiyo hurefusha uhai wa seli za ini zenye afya, na kwamba huchochea pia ukuaji wa seli za ini zenye uvimbe wa saratani. Nusu ya pili ya taarifa hiyo haionekani katika matangazo. Ni kweli kwamba matokeo ya maabara kuhusu seli za saratani si uthibitisho wa madhara kwa anayejipaka krimu, lakini anayetumia maabara kama shahidi hana haki ya kunyamazisha nusu ya ushahidi wake.

Nafasi ya shaba ilieleweka miaka saba baadaye. Mwaka 1980 Pickart na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba huenda peptidi hiyo hufanya kazi kwa kusaidia seli kupokea shaba. Histidini, asidi amino ya katikati, ina mvuto mkubwa kwa madini hayo. Bibudhendra Sarkar wa Toronto alikwisha kuonyesha mwaka 1966 kwamba sehemu ya shaba husafiri katika damu ikiwa imeshikana na histidini. Hapa ndipo GHK-Cu ilipotofautiana na mrututu. Shaba yake imeshikwa kiasi cha kutounguza, lakini haikukazwa kiasi cha kushindwa kuachiliwa pale seli inapoihitaji. Pickart alitoa pia vipimo vya umri: kwa mujibu wake, damu ya mtu wa miaka 20 huwa na nanogramu 200 hivi za GHK katika kila mililita, na ya mtu wa miaka 60 hubaki na 80. Takwimu hizo zimenukuliwa katika matangazo yasiyo na idadi, kana kwamba kujipaka usoni kunarudisha kilichopungua katika damu.

Kutoka ini hadi ngozi, hatua kubwa ilipigwa Ufaransa. Mwaka 1988 François-Xavier Maquart na wenzake mjini Reims waliziwekea GHK-Cu seli za ngozi zinazotengeneza kolajeni, nazo zikaongeza kazi. Kilichowashangaza wengi ni udogo wa kiasi kilichohitajika, sehemu za trilioni na bilioni za kipimo cha kawaida cha kemia. Waliona pia kwamba mfuatano wa G, H na K umo ndani ya mnyororo mmojawapo wa kolajeni yenyewe. Wakapendekeza kwamba ngozi inapojeruhiwa, vimeng'enya hukatakata kolajeni iliyoharibika, peptidi hiyo huachiliwa papo hapo, na seli za jirani huipokea kama wito wa kuanza kujenga upya. Katika historia yote ya peptidi za shaba, hili ndilo wazo zuri kuliko yote, na ndilo linaloifanya ionekane kuwa dawa ya kidonda kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Pickart mwenyewe aliamini hivyo. Katikati ya miaka ya 1980 alianzisha kampuni ya ProCyte katika jimbo la Washington, Marekani, kwa lengo la kutengeneza dawa. Mgonjwa aliyelengwa alikuwa yule mwenye kidonda cha kisukari kwenye unyayo, kidonda kinachokaa miezi bila kufunga na ambacho wakati mwingine huishia kwa kukatwa mguu. Majaribio ya mwanzo yalitia moyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba vidonda vya unyayo vilivyopakwa jeli ya GHK-Cu baada ya kusafishwa vizuri vilijifunga zaidi kuliko vile vilivyopakwa jeli tupu. Lakini majaribio makubwa zaidi hayakutoa faida iliyotosha kuipatia kibali cha kuwa dawa. Jeli hiyo ikaishia kuruhusiwa kama kitu cha kufunikia kidonda na kukitunza unyevu, daraja ambalo halidai uthibitisho wa uponyaji.

Baada ya hapo kampuni iligeukia ngozi nzima. Kwa kipodozi, sheria za Marekani hazimdai mtengenezaji athibitishe kwamba kinafanya kazi kabla ya kukiuza, mradi asidai kwamba kinatibu ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya vipodozi ya Neutrogena ilitoa krimu za peptidi ya shaba, na kitu kilichokuwa cha kliniki kikafika kwenye rafu za maduka ya kawaida. ProCyte yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya PhotoMedex mwaka 2005.

Majaribio ya usoni yapo, ila mengi ni madogo na ya wiki chache. Mmojawapo wa uchunguzi wa haki zaidi ulichapishwa mwaka 2006 na ulihusu watu 13 waliochubuliwa ngozi ya uso kwa leza. Waliopaka peptidi ya shaba waliridhika zaidi na ngozi yao, lakini wekundu wao haukupona haraka kuliko wa wenzao, na wapimaji hawakuona tofauti ya maana ya makunyanzi. Mtu anaweza kuipenda krimu kwa sababu inalainisha na kutuliza, na hiyo ni faida halali. Haitoshi kudai kwamba imerudisha ujana.

Kwa upande wa nywele habari ilianza na panya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti, akiwemo Hideo Uno wa Wisconsin, waliripoti kwamba peptidi za shaba ziliamsha vifuko vya nywele vya panya wa aina yenye manyoya machache. Peptidi iliyopendelewa kwa kazi hiyo ilikuwa ndugu wa ile ya kwanza, AHK-Cu, ambayo alanini imechukua nafasi ya glisini. Mwaka 2007 watafiti wa Korea Kusini walikuza vifuko vya nywele za binadamu katika maabara na kuona kwamba kiasi kidogo sana cha AHK-Cu kilirefusha nywele hizo. Kliniki za kupandikiza nywele nazo zilianza kutumia vitambaa vilivyoloweshwa katika maji ya peptidi ya shaba, vikawekwa kichwani siku za mwanzo ili vijeraha vifunge na magamba yalainike. Matumizi hayo yana mantiki, kwa kuwa yanairudisha peptidi kwenye jeraha. Kwa upara wa kurithi hali ni tofauti. Minoksidili, dawa ya kupaka kichwani, ilipata kibali cha Marekani mwaka 1988 kwa majaribio yaliyohusisha watu wengi. Peptidi za shaba hazijapata kibali cha namna hiyo.

Kemia yake inampa mtumiaji masharti machache. Asidi kali huichopoa shaba kutoka kwenye peptidi, ndiyo maana haifai kupakwa pamoja na seramu ya vitamini C yenye asidi nyingi. EDTA, kiungo cha kawaida katika vipodozi, huinyang'anya shaba vilevile. Kwenye orodha ya viambato GHK-Cu huandikwa Copper Tripeptide-1, na ikiwa jina hilo liko mwishoni kabisa huku kimiminika hakina rangi, kiasi kilichomo ni kidogo. Sindano za peptidi hiyo zinazouzwa mitandaoni ni jambo jingine na la hatari zaidi, kwani usalama wake haukuthibitishwa na majaribio ya kupaka. Mwenye kisukari aliyeota kidonda mguuni asikitibu kwa seramu ya urembo. Awahi kliniki, kwa sababu kidonda hicho ndicho kilichoishinda peptidi ya shaba katika majaribio makubwa.