Kamera ya Vioo Kwenye Mteremko wa Bonde la Ufa

Ukipata picha ya ujenzi wa reli ya Uganda kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, tazama behewa kwanza. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, kisha ikakutana na mteremko mkali wa Kikuyu. Wahandisi hawakungoja njia ya kudumu ikamilike. Waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma, juu ya majukwaa yaliyoundwa kwa mshazari, hivyo behewa lilikaa sawa huku reli chini yake imeinama. Vifaa vikashuka bondeni, na mwaka 1900 reli ikafika Nakuru.

Ukweli wa picha kama hiyo ulitegemea aliyesimamisha kamera. Ilikuwa sanduku la mbao lenye mfuko wa ngozi uliokunjwa kama kodiani, juu ya stendi ya miguu mitatu. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi, akaliona behewa kwenye kioo cha ukungu, magurudumu juu. Stendi ikiinama upande kidogo tu, mteremko huonekana mkali zaidi au mpole kuliko ulivyo. Kwa hiyo pima maji ilitangulia. Akitaka kuingiza kilele cha mlima, aliiacha kamera wima na kupandisha ubao wa lenzi peke yake. Nguzo zikabaki zimenyooka. Akitaka nyasi za miguuni pake na Mlima Longonot kule mbali vyote vionekane wazi, aliinamisha lenzi mbele kidogo, akaangalia tena, akakaza skrubu. Kanuni hiyo Theodor Scheimpflug wa Austria aliipatia hataza mwaka 1904, lakini mafundi walikwisha kuitumia kwa jicho na mkono.

Mabamba makavu ya kioo, yaliyotokana na ugunduzi wa Richard Leach Maddox wa 1871, yaliwezesha kupiga picha porini na kuzisafisha baadaye. Hata hivyo yalikuwa mazito, yalivunjika, na punje moja ya vumbi la majivu ya volkeno iliacha doa jeusi kwenye picha.

Mpiga picha wa reli hiyo, William D. Young, tunamjua kwa jina, na albamu za kazi yake zimehifadhiwa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Vibarua walioletwa kutoka India, karibu 32,000, na wapagazi Waafrika wanaonekana wamesimama tuli ili wasigeuke ukungu, na wengi hawana jina hata moja chini ya picha. Hilo linaniuma kuliko doa lolote.

Kama nyumbani kwenu Nakuru, Gilgil au Naivasha kuna sanduku la vioo vya picha, tafadhali usivioshe wala kuvisugua. Visimamishe wima, kila kimoja katika karatasi yake, muulize mzee wa nyumba ni akina nani waliomo, uandike majina, kisha uwaone wahifadhi wa Nyaraka za Taifa jijini Nairobi.